Vitabu vimejaa kabatini, watoto hawasomi: tuanzie wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali karibu na mji wa Busia, upande wa Uganda. Mwaka huu nimekabidhiwa maktaba. Ni chumba kimoja chenye makabati mawili ya chuma na vitabu kama 500, vingi vya msaada. Mwalimu mkuu anasisitiza visipotee, kwa hiyo vinasomewa humo humo. Kila darasa lina kipindi kimoja kwa wiki: watoto wanakaa kimya, wananiandikia muhtasari, wengine wanasinzia. Wengi Kiingereza kinawapiga chenga, ila Kiswahili cha sokoni wanakiongea karibu wote. Nifanyeje ili wapende kusoma? Na je, niwape zawadi wanaosoma vitabu vingi?

Jibu: Mwalimu, pole na kazi, na hongera kwa kukabidhiwa chumba hicho. Shule nyingi hazina hata hicho kimoja.

Nianze na mwalimu mkuu, maana msipoelewana naye, mengine yote nitakayosema hayatafika mbali. Simlaumu. Vitabu vimeandikwa kwenye daftari la mali ya shule, mkaguzi akija anahesabu, na pengo likionekana anayeulizwa ni yeye. Kwa hiyo anafunga. Lakini shule haikupewa vitabu ili ivihifadhi. Ilipewa ili watoto wasome. Mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, aliweka kanuni 5 za maktaba mwaka 1931, na ya kwanza inasema tu kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Nimeingia kwenye maktaba nyingi za shule ambazo vitabu vyake vinang'aa kama vilivyotoka kiwandani jana, na kila mara roho huniuma, kwa sababu najua maana yake.

Mwombe mwalimu mkuu avichukulie kama chaki. Hakuna anayeuliza chaki ya muhula uliopita iko wapi. Swali ni kama watoto walifundishwa. Kitabu cha hadithi kilichopita mikononi mwa watoto 60 mpaka kikachanika kimemaliza kazi yake kwa heshima.

Ila maneno matupu hayatamkinga mbele ya mkaguzi, kwa hiyo mtafutie karatasi. Aipeleke hoja kwenye kamati ya usimamizi wa shule, wakubaliane kwamba kila mwaka vitabu kadhaa vitachakaa au kupotea, tuseme 1 katika kila 10, na uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Wewe fungua daftari la vitabu vilivyoondolewa: tarehe, jina la kitabu, sababu, sahihi yako na yake. Mkaguzi akikuta mambo yameandikwa namna hiyo, anaona shule inayotumia vitabu vyake na kujua vimekwenda wapi.

Kuhusu faini, kama ipo, naomba iondoke. Wazazi wengi humwambia mtoto arudishe kitabu shuleni mara moja, kwa sababu kikilowa hawana cha kulipia. Anayeacha kuazima kwanza ni mtoto wa nyumba yenye shida, yule yule ambaye kwao hakuna karatasi nyingine yenye maandishi zaidi ya kalenda ya ukutani. Kitabu kikipotea, ongea na mtoto, kisha mpe kingine. Vikifika viwili au vitatu, mwite mzazi mzungumze kwa wema; mara nyingi utakuta kuna mdogo mtu anayechana kila kitu, au paa linalovuja.

Na kama mwalimu mkuu bado anasita, mkumbushe jambo ambalo sisi sote tuliliona. Shule zetu zilifungwa kwa korona Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Karibu miaka 2. Muda wote huo kulikuwa na vitabu vya hadithi ndani ya shule, nyuma ya kufuli, na watoto wako ng'ambo ya uzio wakisahau herufi. Hilo lisitokee tena mahali popote penye mwalimu aliyekabidhiwa funguo.

Sasa tuingie chumbani. Tafuta siku moja isiyo na vipindi, tandika mikeka, toa kila kitu kabatini na ukipange chini. Utakuta vitabu vya kiada vya mitaala iliyokwisha. Utakuta vitabu vya msaada vilivyoandikiwa watoto wa mbali, vimejaa theluji na vyakula ambavyo mtoto wa Busia hajawahi kuviona, kwa Kiingereza ambacho hata wewe utahitaji kamusi. Utakuta miongozo ya walimu, ripoti, hata vitabu vya chuo kikuu. Vya walimu vipeleke ofisini. Vya kiada vilivyo hai vipeleke madarasani. Vilivyokufa viandike kwenye daftari la kuondoa uvitoe. Usione aibu kutoa kitabu cha msaada. Aliyekituma alitaka kisomwe, na kikibaki pale kinaficha vile vizuri. Mtoto anayevuta vitabu vitatu mfululizo asielewe hata kimoja hasemi kwamba vitabu ni vibaya, anasema yeye hajui kusoma.

Ukimaliza huenda ukabaki na vitabu 100 tu vya kumfurahisha mtoto. Vinatosha kuanzia. Pale Kitengesa, karibu na Masaka, mwaka 1999 maktaba ilianza na sanduku la vitabu 161 katika shule ya sekondari, na kufikia 2004 ilikuwa na jengo lake lenyewe linalohudumia kijiji kizima. Vile vitabu vichache vilitumiwa, na matumizi yakaleta vingine. Wafadhili nao wakiandika tena, wajibu kwa orodha: tunataka vya hadithi fupi, vyenye picha, vya umri huu na lugha hizi. Mpokeaji ana haki ya kusema anachohitaji.

Hapo tunafika kwenye lugha, na hapa nataka tukae kidogo, maana naona ndipo moyo wa shida yako ulipo.

Mtaala wa mwaka 2007 ulitaka mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu afundishwe kwa lugha ya nyumbani, darasa la nne liwe la kuvukia, kisha Kiingereza kiendelee mpaka PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mji kama Busia una Wasamia, Wateso, Waganda, na familia zilizotoka upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo shule nyingi za mjini huona urahisi kuanza na Kiingereza siku ya kwanza. Matokeo unayaona kipindi cha maktaba: mtoto anasoma neno kwa neno, kwa sauti safi, na mwisho wa ukurasa hajui fisi alifanya nini. Kusoma kwa namna hiyo hakuna raha, na pasipo raha hakuna atakayerudi kesho kwa hiari yake.

Tumia kile ambacho watoto tayari wanacho. Umesema Kiswahili wanakiongea karibu wote. Tahajia yake ni rafiki mkubwa wa msomaji mchanga, kwa sababu kila irabu ina sauti moja tu, popote ilipo. Mtoto aliyejua herufi kwa Kisamia au Kiteso anaweza kusoma sentensi ya Kiswahili leo hii na kuielewa, jambo ambalo Kiingereza hakitamruhusu kwa miaka kadhaa. Hatua ya kusoma na kuelewa kwa pamoja akishaipata katika lugha moja, anakwenda nayo kwenye nyingine. Tena sera iko upande wako: Katiba yetu ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa somo hilo bado ni wachache, lakini kitabu cha hadithi hakingoji mwalimu wa somo.

Nawe uko mpakani, bahati ambayo mwenzako wa katikati ya nchi hana. Kenya wanakifundisha Kiswahili na kukitahini tangu zamani, kwa hiyo maduka ya vitabu ya upande wa pili yana hadithi za Kiswahili za kila daraja. Kwa asiye na pesa, mradi wa African Storybook unatoa hadithi bure kwenye intaneti kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine nyingi za Uganda, na leseni yake inaruhusu kuchapa na hata kutafsiri. Mtu mmoja mwenye printa na karatasi za A4 anaweza kukuongezea vitabu 20 kwa asubuhi moja.

Naomba jambo moja tu: mtoto akisoma hadithi kisha akaisimulia kwa Kiswahili cha sokoni, akasema "kitabu yangu" na "ile mutoto", mwache amalize. Sarufi ina kipindi chake. Ukimkatiza pale, umemfundisha kwamba kitabu ni mtego mwingine wa kukosea.

Kiingereza nacho hakitakufa njaa. Mwaka 1983 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walitoa matokeo ya kazi yao katika shule za vijijini kule Fiji, ambako watoto hujifunza kwa Kiingereza kisicho lugha ya nyumbani, kama hapa kwetu. Madarasa yaliyopewa vitabu 250 vya hadithi vyenye picha, watoto wakasoma na kusomewa kila siku, yalipiga hatua katika kusoma na kusikiliza kama mara mbili ya kasi ya kawaida. Mwalimu mkuu akiuliza hadithi zinasaidia nini PLE, mjibu kwa Fiji. Maswali ya sayansi na maarifa ya jamii nayo husomwa kwanza ndipo yajibiwe.

Sasa kipindi chenyewe. Kimya na muhtasari ndivyo vinavyowaletea usingizi. Muhtasari uondoe kabisa. Weka mahali pake kusoma kwa sauti, wewe ukiwasomea wao, hata darasa la sita. Nakueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu walimu wengi hudhani wanafanya hivyo, kumbe wanafundisha ufahamu.

Chagua hadithi fupi, kurasa 16 au 24, uisome peke yako mara mbili tatu jioni mpaka ujue sauti ya kila mhusika. Wakae mkekani, karibu, wote waone picha. Waonyeshe jalada, uliza swali moja tu: mnadhani huyu anakwenda wapi? Pokea majibu matatu, usiseme lipi ni sahihi. Kisha soma. Usisimame kuuliza maana ya maneno. Picha na sauti yako vitabeba mengi, na neno likiwa zito sana litafsiri kwa Kiswahili hapo hapo, upite. Punguza sauti fisi anaponyemelea chungu, nyamaza kidogo kabla ya kufunua ukurasa. Na siku nyingine, fisi akiwa ameshatia mkono chunguni na mlango umeanza kulia, funga kitabu. Watalalamika. Waambie kitabu kiko mezani, atakayetaka kujua achukue. Halafu ondoka mezani, usisimamie. Wale watakaokimbilia pale ndio wasomaji wako wa kwanza, na mara nyingi si wale wanaoongoza darasani.

Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha. Muda uliobaki uwe wa kila mtoto na kitabu alichokichagua mwenyewe. Mwache asome na rafiki yake, wanong'one, wacheke, walale kifudifudi, watoke nje chini ya mwembe. Akirudia kitabu kile kile mara ya tano, usimbadilishie. Anaonja raha ya kusoma bila kukwama, na hiyo ndiyo inayomtuma kwenye kingine. Wasiojua kusoma wasimulie picha. Ukitaka kujua kama mmoja ameelewa, muulize swali la mtu mzima kwa mwenzake: kitabu hiki ungempa nani, na kwa nini?

Kuchagua nako kunafundishwa. Mtoto afungue ukurasa wa katikati, asome, akunje kidole kila anapokutana na neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho ni kigumu kwa sasa, akirudishe bila aibu. Kwa vitabu vya wadogo vyenye mstari mmoja au miwili kila ukurasa, vidole viwili vinatosha kumwambia. Na badala ya namba za maktaba kubwa, bandika karatasi ya rangi mgongoni mwa kitabu: nyekundu kwa rahisi, njano kwa wastani, kijani kwa kigumu. Ila mtoto asikatazwe rangi yoyote. Kama darasa la pili linataka kitabu cha kijani chenye picha ya mamba, lichukue.

Kuazima nyumbani panga kirahisi: daftari moja, safu tano, yaani tarehe, jina, darasa, namba ya kitabu, na alama ya kurudisha. Wape kazi hiyo watoto wa darasa la tano na la sita, wawili wawili kwa zamu. La saba waache na mtihani wao. Chagua na wale wasumbufu, utashangaa wanavyobadilika wakipewa kalamu na daftari. Kila mwenye kuazima awe na mfuko, hata wa gunia la sukari, kwa ajili ya mvua. Waanze na siku za Ijumaa, na likizo ikija kila mmoja aondoke na viwili. Wazazi wasiojua kusoma usiwaache nje: waambie kwenye kikao kwamba kazi yao ni kumwambia mtoto, "Nisomee," na kusikiliza wakati ugali unapikwa. Kwa wasichana hilo lina uzito wa pekee, maana nyumbani kazi hazimwachii nafasi ya kukaa na kitabu mpaka mama aseme kwamba kumsomea ni kazi pia.

Walimu wenzako wanahitajika vilevile. Maktaba ya Taifa ya Uganda imekuwa ikihimiza siku ambapo kila mtu anaacha alichokishika na kusoma. Omba robo saa ya namna hiyo kila wiki, shule nzima, na mwalimu mkuu akae barazani na gazeti lake mahali anapoonekana. Mtoto ambaye hajawahi kumwona mtu mzima akisoma kwa kupenda hana sababu ya kuamini kwamba jambo hilo linapendeza.

Vitabu vyako vya pini vitaanza kuachia kurasa za katikati mwezi wa kwanza tu. Gundi haisaidii sana, shona. Ng'oa pini, panga kurasa, toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa msumari mwembamba. Ingiza sindano yenye uzi wa nailoni tundu la kati kutoka ndani, itoke nje, irudi ndani kwa tundu la juu, ipite mpaka la chini itoke nje, kisha irudi ndani kwa tundu la kati. Funga ncha mbili juu ya ule uzi mrefu uliolala katikati. Kitabu kilichoshonwa hivyo kinadumu kuliko kilivyotoka dukani. Na kwa mshono huo huo watoto watatengeneza vitabu vyao: karatasi nne zilizokunjwa, hadithi waliyosimuliwa na bibi, picha za kalamu. Andika namba, kiweke kwenye rafu, kiazimwe kama vingine. Hivyo utapata vitabu vya Kisamia na Kiteso ambavyo hakuna duka litakalokuuzia, na ninakuhakikishia vitagombewa.

Umeuliza kuhusu zawadi kwa wanaosoma vitabu vingi. Ya pesa au kalamu kwa aliyevuka idadi fulani siishauri. Mwerevu atachukua vyembamba, atafunua kurasa haraka na kuja kuhesabiwa. Anayesoma polepole atajua wiki ya pili kwamba hana nafasi, naye ndiye unayemhitaji zaidi. Kama unataka kumpongeza mtoto, mpe heshima inayohusu vitabu: awe wa kwanza kuchagua Ijumaa, au akawasomee darasa la kwanza hadithi aliyoizoea. Na kama kuna fedha kidogo zilizotengwa kwa zawadi, nenda nazo dukani ng'ambo ya mpaka pamoja na wale watoto wa zamu, wachague wao kitabu kipya cha kuingia kwenye rafu.